Bega Lisilosikia Ngoma

Baba yangu hajawahi kukubali kwamba aliumwa. Mpaka leo ukimuuliza anasema bega lake ndilo lililokwenda hospitali, yeye alilisindikiza tu. Namwachia, maana mtu aliyepasuliwa kifua na kushonwa tena ana haki ya kusimulia anavyotaka. Lakini mimi nilikuwepo, na ninavyokumbuka mimi mambo hayakwenda hivyo.

Sisi ni Wasukuma wa kuhamia. Wazazi wangu waliswaga ng'ombe kutoka kaskazini wakati mimi nabebwa mgongoni, wakatua Kasansa kwa sababu majani yalikuwa mengi na Wapimbwe waliowakuta hawakuwa watu wa makuu. Siku hizi naishi Mpanda mjini, nina saluni ya kusuka nywele jirani na stendi, na kila msimu wa kilimo naifunga narudi nyumbani kulima. Wateja wangu wananuna. Nawaambia wavae vilemba hadi nitakaporudi.

Wanaonishangaa hawajui kwamba kwetu kulima ni ngoma. Kikundi cha baba kinaalikwa shambani kwa mtu, mwenye shamba anachinja mbuzi, wapiga ngoma wanakaa pembeni, na sisi wengine tunajipanga mstari mmoja na majembe yetu, macho yote kwa mtu mmoja aliyesimama mbele. Huyo ndiye manju. Akinyanyua jembe, tunanyanyua. Akilizungusha hewani, tunazungusha. Akilishusha, yote yanashuka kwa kishindo kimoja na udongo unafumuka. Manju haulizwi swali, maana mkianza kuulizana katikati ya mstari mtakatana vidole vya miguu. Anachofanya yeye ndiyo ngoma yenyewe, na baba alikuwa manju tangu nilipopata akili.

Msimu ninaousimulia nilifika jioni, nimekandwa na barabara na kuumwa na mbung'o wa hifadhini, maana kuna abiria mmoja aliyeng'ang'ania kufungua dirisha. Asubuhi tukaenda kumlimia jirani yetu wa Kipimbwe matuta ya viazi. Baba akanyanyua jembe, na bega lake la kulia likaruka juu ghafla kuelekea sikioni, mtu angedhani kafinywa. Jembe likatua kushoto kwa mahali lilipopaswa kutua. Basi na sisi, watu wenye adabu, tukarusha mabega na kutua kushoto. Baadaye likaruka tena, mahali ambapo hatukulitegemea, tukahangaika kulifuata. Hadi jua linakwenda kuzama matuta yote yalikuwa yamekwenda kombo. Mwenye shamba alitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mikono nyuma, kisha akauliza kwa upole kama mbuzi wake alikuwa amelishwa bangi.

Baba alinyanyua kidevu na kumjibu kwamba huo ulikuwa mtindo mpya.

Nadhani hata yeye aliamini. Bega lilikuwa linaruka lenyewe, na mtu aliyezoea kufuatwa hawezi kusema hajui anachokifanya. Vijana wakaupenda mno mtindo huo, wakauita Bega bila kupoteza muda kutafuta jina lingine. Wakarekodi video, video ikafika Kibaoni, ikafika Mpanda kabla yangu. Niliporudi saluni nikakuta wateja wanataka niwaonyeshe, na mimi, binti wa manju, nikawaonyesha kitana kikiwa mkononi. Watoto wa shule walikuwa wanatembea barabarani wakirusha mabega. Hakuna manju Katavi nzima aliyekuwa na jina kumshinda baba.

Mtu pekee ambaye hakuupenda mtindo ule alikuwa mama, kwa sababu yeye alikuwa anaupata nyumbani. Bega liliruka wakati wa kula, maziwa yakamwagika. Liliruka kanisani wakati wa sala. Vidole vikaanza kuchezacheza vyenyewe mapajani, halafu ulimi ukawa unachungulia nje na kurudi ndani katikati ya maneno. Wageni walipokuja kumposa mdogo wangu, kila walipotaja ng'ombe baba alipandisha bega, wakadhani anadharau, wakaongeza bila kuombwa. Mdogo wangu aliolewa kwa heshima kubwa. Lakini mama alikuwa amekasirika, kwa sababu usiku baba akilala bega nalo lililala, tulivu kabisa, na kwa hesabu ya mama kitu kinacholala usiku na kuamka asubuhi ni kitu cha makusudi.

Mimi nilianza kuogopa niliporudi wakati wa palizi na kukuta shati lake la kanisani linamning'inia. Alikuwa amepungua shingo na mashavu. Alikuwa anachoka akitoka zizini kuja nyumbani, na bado kila mwaliko wa shamba alikubali. Nilimwambia twende hospitali. Akaniambia hakuna mtu anayekwenda hospitali kwa sababu ya kucheza vizuri.

Kijijini maneno yalikuwa ya aina mbili. Wapo waliosema baba amepata dawa mpya ya ngoma, na ndiyo inayomla mwili. Wengine wakasema amerogwa na mpinzani wake. Huyo mpinzani alikuwa manju wa kikundi cha upande wa Kibaoni, mtu mrefu, mkimya, anayecheza na chatu. Kila mwaka baada ya mavuno vikundi vyao viwili vinakutana uwanja mmoja, vinapiga ngoma kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hao wawili walikuwa hawasalimiani hadharani tangu mimi msichana mdogo. Mashindano yalikuwa yanakaribia, na baba alikuwa anayasubiri kwa hamu, kwa sababu mwenye Bega alikuwa yeye.

Asubuhi moja, mimi na mama tukiwa tunapukuchua mahindi, yule mpinzani aliingia uani kwa baiskeli. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na gunia, na mbwa wetu, ambao kwa kawaida hubwekea hata upepo, waliondoka kimyakimya. Mama akamletea kigoda. Mgeni akasalimia vizuri kwa Kisukuma, akapokea maziwa, akalishusha gunia chini polepole. Baba alitoka ndani akakaa mbali naye kidogo, bega likirukaruka.

Yule bwana alianza kwa kutueleza kwamba amekuja na aibu yake. Alikuwa ameuona mtindo wa Bega, akautamani, akaamua kuuiba. Alikuwa anakuja kwenye mashamba tunakolima, anajichanganya na wanawake wanaopika, kajifunika khanga ya mke wake hadi machoni. Mama alimtazama urefu wake wote, nikaona anajizuia asicheke. Yule bwana akasema akirudi nyumbani alikuwa anajaribu kulicheza lile bega na linamshinda. Akamwita mpiga ngoma wake bora zaidi amtafutie mdundo wake, mpiga ngoma naye akashindwa. Hapo ndipo alipoanza kulitazama bega lenyewe na kuwasahau wachezaji.

"Bega lako halisikii ngoma," akamwambia baba. "Ngoma ikienda, linakwenda. Ngoma ikinyamaza, bado linakwenda. Nimelitafutia mlio wake, halina. Huo siyo mtindo, ndugu yangu. Wewe unaumwa."

Baba alisema anajua kilichomleta. Amekuja kumtoa uwanjani kabla ya mashindano.

"Watu wanasema nimekuroga," yule bwana akasema. "Mimi ningetaka kukuroga, ningekuroga miguu. Bega la nini?"

Baba akacheka, hakupenda lakini akacheka. Mama hakucheka. Akamuuliza mgeni kama yuko tayari kuapa kwamba hasemi hivyo kwa ajili ya ushindi. Yule bwana akasema hataapa, atafanya zaidi: atazitundika ngoma zake darini na hatazishusha mpaka baba apone. Akasema kushindana na manju wengine, ambao kwake ni watoto tu, ni kujidhalilisha. Kisha akasogeza kigoda, akaweka kiganja chake juu ya bega la baba, akamwambia atulize. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na jembe, hapakuwa na mtu wa kumwonyesha chochote. Bega likaruka chini ya kile kiganja, likaruka tena, na baba akalitazama kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kumwona baba yangu akiogopa kabla ya asubuhi ile, na nilitamani kukimbia nisione.

Siku iliyofuata mimi na baba tulipanda basi kwenda Mpanda.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye rasta zilizosukwa vibaya, nikajikaza nisiseme. Nilimwonyesha video. Mara ya kwanza alicheka. Akairudia, safari hii bila kucheka, kisha akaweka simu mezani akamtazama baba muda mrefu jinsi anavyokaa, jinsi vidole vinavyocheza, jinsi ulimi unavyochungulia. Akamwambia autoe ulimi nje na ubaki huko. Haukubaki. Akamuuliza kuhusu kikohozi, sigara, jasho, ukoo wake. Alichukua damu wakapima malaria, sukari, maambukizi, na mambo mengine ambayo sikuyaelewa, na majibu yote yakarudi safi. Baba akaanza kuvaa kofia ili tuondoke. Dada akamwambia avue, bado anataka picha ya kifua.

"Binti yangu, bega liko huku," baba akamwelekeza.

"Najua, baba. Lakini kuna magonjwa yanayojificha sehemu moja na kutuma habari kwa kupitia sehemu nyingine. Nataka nione nani ametuma."

Picha ilionyesha kivuli nyuma ya mfupa wa kifua, mahali ambapo baba hakuwahi kusikia hata muwasho. Dada hakuzunguka mbuyu. Alisema huenda ni uvimbe, huenda ni saratani, na hapo Mpanda hawana mashine ya kusema zaidi, twende Mwanza haraka.

Tuliondoka kwa treni hadi Tabora. Baba alikaa dirishani pembeni ya mama mmoja mnene mwenye kapu la samaki wakavu, na bega likawa linamgonga yule mama kila baada ya muda kidogo. Mama wa watu alivumilia, akajisogeza, akamkazia macho, mwisho akamwambia kwa sauti ya behewa zima kwamba yeye ameolewa. Nilimweleza ugonjwa. Aliona aibu kiasi kwamba alitulisha samaki njia nzima, na baba akasema ningemwacha kwanza aone ingefika wapi.

Mwanza walimwingiza kwenye mashine kubwa ya duara, wakamchoma sindano ndefu kutoa kipande kidogo, wakatuambia tusubiri. Majibu yalipotoka tuliitwa wote wawili. Ilikuwa saratani ya tezi inayokaa nyuma ya mfupa wa kifua, bado ndogo, bado imo ndani ya ganda lake. Nilitoka nje nikalia kwenye korido nimeegemea ukuta. Baba alinifuata, akasimama bega likiruka, akaniuliza kama namlilia yeye au saluni. Nilimjibu vibaya, akaridhika, tukarudi ndani.

Ndani daktari, mzee wa Kisukuma kama sisi, alimweleza kwa namna ambayo nilijua baba hataisahau. Alimuuliza kama kijijini kwetu kuna sungusungu. Baba akasema wapo, hata yeye amewahi kuwa mmoja wao. Basi, daktari akasema, mwili nao una sungusungu wake. Walimwona mwizi kifuani, wakatoka na marungu, na kwenye vurugu wakawa wanampiga na jirani aliyefanana naye. Jirani huyo ni sehemu ya ubongo inayotuliza viungo, na ndiyo maana bega linaruka.

Baba alifikiri. "Kwa hiyo hao sungusungu wangu ni wajinga?"

"Wanampiga asiyehusika, ndiyo. Lakini kelele zao ndizo zilizotuamsha. Huyu mwizi peke yake asingekuamsha mpaka amalize nyumba."

Alipasuliwa. Siwezi kuisimulia siku ile, nilikuwa nimekaa kwenye benchi na vidole vyangu vilikuwa vinasuka ncha za khanga yangu, nazisuka na kuzifumua. Walimtoa uvimbe wote. Alipozinduka jambo la kwanza nililotazama ni bega, na lilikuwa linaruka vilevile, nikavunjika moyo. Daktari akasema niwe na subira, sungusungu wamekasirika, watapewa dawa ya kuwatuliza, na wengine hurudi nyumbani polepole. Alituambia pia ukweli kwamba wapo wagonjwa ambao viungo havitulii kabisa.

Mama alikuwa amebaki Kasansa na ng'ombe. Kila jioni alipiga simu, na hakuuliza baba anaendeleaje. Aliuliza neno moja tu, "Bega?" Namwambia bado. Anakata. Tulikwenda hivyo wiki baada ya wiki, tumepanga chumba kwa ndugu, tunarudi kliniki, baba ananenepa mashavu huku bega likipunguza fujo kidogo kidogo. Asubuhi moja alikuwa anakunywa uji wa moto, kikombe kimejaa, akanywa hadi mwisho akakiweka chini, na meza ilikuwa kavu. Tulitazamana. Sikusubiri jioni, nikampigia mama nikamwambia limelala. Safari hii hakukata, akaniuliza kama na mimi nimekula.

Tuliporudi nyumbani tulikuta kijiji kizima bado kinacheza Bega. Watu walimlaki baba barabarani kwa mabega yao, watoto kwa wakubwa, wakamwomba awaonyeshe mwenyewe. Akajaribu. Bega lilipanda polepole na kushuka polepole, bega la mzee anayesema hajui bei ya mahindi. Watu wakapiga makofi ya huruma. Sijawahi kuona mtu aliyepona akiwa na hasira namna ile.

Akawa anafanya mazoezi nyuma ya zizi. Mama alimvumilia siku kadhaa, mwisho akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia anakosea. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amelitazama bega lile kuliko yeye, kanisani, mezani, kila mahali. Akamfundisha. "Hapana, usijiandae. Lenyewe halikuwa linajiandaa. Likamate ghafla, juu, halafu liache." Alimwonyesha kwa bega lake mwenyewe, mama yangu ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa ngoma maisha yake yote, na wote wawili wakacheka hadi baba akashika mshono wake wa kifuani. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji, sikutaka kupita nikawakatisha.

Mpinzani alitimiza ahadi. Ngoma zake zilikaa darini mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, baba alipokuwa amerudi kliniki na kuambiwa picha ni safi. Ndipo wakakutana uwanjani Kibaoni. Baba alikatazwa kulima kwa nguvu, kwa hiyo alishika jembe jepesi la maonyesho, na alikuwa ameacha vifungo vya shati wazi ili kovu lionekane, maana majivuno hawakuyatoa na ule uvimbe. Ngoma zikalia pande zote mbili. Upande wa pili chatu alikuwa anapandishwa mabegani. Upande wetu baba akaingia na Bega, safi, na mstari wote nyuma yake ukaruka naye.

Kisha mpiga ngoma wetu akakata mlio ghafla.

Nilimtazama mama. Alikuwa haangalii mtu mwingine, anaangalia bega. Kwa mbali nikamwona yule mpinzani ameacha ngoma yake inaendelea bila yeye, kasimama kwa vidole vya miguu, shingo ndefu, naye anaangalia. Baba alisimama na jembe lake. Bega lilikuwa limetulia. Vumbi likashuka na bado lilikuwa limetulia, nami nikashusha pumzi.

Bega likaruka.

Mama alishika kinywa. Mpinzani alimtupa chatu, chatu akaanguka katikati ya watazamaji, watazamaji wakatawanyika wa kwake na wa kwetu pamoja, meza za wauza pombe zikapinduka, na yeye akakata uwanja mbio kupita katikati ya wanaokimbia hadi kwa baba. Aliweka kiganja juu ya lile bega na kukibakiza pale, akisubiri. Nilikuwa karibu nao, nikaona kiganja hakitikisiki. Chini yake hapakuwa na kitu kinachoruka.

"Ulisema halisikii ngoma," baba akamwambia. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote. "Sasa hivi linanisikia mimi."

Yule bwana alimtukana matusi ya Kisukuma ambayo sitayaandika, na hakukiondoa kiganja. Mshindi hakupatikana mwaka ule, kwa sababu uwanjani hapakuwa na mtu wa kuhesabiwa. Waliobaki ni wazee hao wawili, mimi, na mama, ambaye hata chatu hakumfanya asogee. Alikuwa amevua kandambili moja, anakuja nayo taratibu, na alipofika akamchapa baba nayo palepale begani.

Bega halikuruka.